Namba 4,294,967,297: tasa, au inajifanya tasa?

"Kuna namba inaninyima usingizi: 4,294,967,297. Nimeigawanya kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 500, hakuna hata moja iliyoingia kamili. Cha ajabu, nikigawanya kwa 3, 5, 17 au 257 napata baki lilelile kila mara, 2. Nadhani kikokotoo changu kimeharibika. Baadaye nikajifunza kipimo cha Fermat, nikakifanya kwa msingi wa 2, namba ikafaulu. Rafiki yangu anasema basi, hiyo ni tasa, tuachane nayo. Mwingine anasema siwezi kujua mpaka nigawanye hadi nusu yake, yaani zaidi ya bilioni mbili. Na programu yangu ya kwanza, kabla sijairekebisha, ilisisitiza kwamba namba yenyewe ni 1! Nani yuko sahihi? Na ipo njia ya kujua bila kugawanya mpaka mtu azeeke?"

Nianze na jibu lenyewe ili leo ulale: si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Ulipofika 500 ukachoka, na sikulaumu, maana ulikuwa umeshajaribu namba tasa 95. Ungevumilia nyingine 21 tu, ya mwisho kati ya hizo ndiyo hiyo 641.

Kikokotoo chako ni kizima. Rafiki zako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake, na kosa la yule wa kwanza linafundisha zaidi, kwa sababu hata mwenye kipimo mwenyewe aliangukia hapohapo. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hesabu kwa mapenzi tu, aliandika katika barua zake kuanzia mwaka 1640 kuhusu namba zinazojengwa hivi: 2 + 1 = 3; 2² + 1 = 5; 2⁴ + 1 = 17; 2⁸ + 1 = 257; 2¹⁶ + 1 = 65,537. Kila hatua kipeo kinakuwa maradufu ya kilichotangulia. Zote tano ni tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, na ukiihesabu utakuta ndiyo hiyo yako. Fermat aliamini mlolongo mzima ni wa namba tasa, akafa mwaka 1665 akiwa na imani hiyo. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza Leonhard Euler kwa barua anaionaje kauli hiyo, na mwaka 1732 Euler akaja na 641. Kwa hiyo kama umedanganyika, umedanganyika katika kampuni nzuri.

Nimalizane haraka na madogo mawili. Rafiki anayetaka ugawanye hadi nusu anakuchosha bure. Vigawo huja viwili viwili: ukipata kimoja, cha pili kinajitokeza chenyewe kama jibu la kugawanya. Vigawo hivyo viwili haviwezi vyote kuzidi kipeuo cha pili cha namba, kwani zao lake lingekuwa kubwa kuliko namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 65,536 na sehemu ndogo sana juu yake, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Ni nyingi kwa kalamu, lakini si bilioni mbili.

Kuhusu ile programu iliyokuambia namba ni 1: bila shaka ilikuwa inahifadhi namba katika nafasi ya biti 32. Nafasi hiyo inaanza 0 na kuishia 4,294,967,295. Ukiongeza moja juu ya hapo, inarudi 0, kama mita ya gari iliyojaa tisa. Ukiongeza moja tena unapata 1. Namba yako imezidi ukingo wa biti 32 kwa hatua mbili kamili. Tumia aina ya namba yenye biti 64 na tatizo litaondoka. Ila ujihadhari hata hapo: ukizidisha namba mbili kubwa katikati ya hesabu, biti 64 nazo hujaa, na programu haitakupigia kelele.

Sasa lile baki la 2, ambalo mimi naona ndilo jambo zuri kuliko yote uliyoandika. Toa 2 kwenye namba yako, unabaki na 2³² − 1. Unakumbuka tofauti ya vipeo vya pili, kwamba a² − b² ni (a − b)(a + b)? Basi 2³² − 1 ni (2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1). Lakini 2¹⁶ − 1 nayo inapasuka vilevile kuwa (2⁸ − 1)(2⁸ + 1), na inaendelea kupasuka hivyohivyo mpaka chini. Mwisho unapata:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Yaani ndugu zake wakubwa wote watano, wakizidishwa pamoja, wanakosa 2 tu kumfikia. Ndiyo maana kila mmoja wao akiigawanya namba yako anaacha 2. Jaribu na 65,537, nayo itaacha 2. Na hapa umepata kitu cha bure: hakuna kati ya hao watano anayeweza kuwa kigawo, leo wala kesho. Weka hilo kando, tutalihitaji.

Tuje kwenye kipimo. Fermat alithibitika kuwa sahihi katika jambo hili: kama p ni tasa, ukichukua namba yoyote isiyogawanyika kwa p (ndiyo inayoitwa msingi), ukaipandisha kwa kipeo cha p − 1, kisha ukagawanya kwa p, baki ni 1 daima. Watu wengi husoma kanuni hiyo kinyumenyume: "baki ni 1, kwa hiyo ni tasa." Kanuni haikusema hivyo. Imesema kila tasa hufaulu. Haikusema kila anayefaulu ni tasa.

Kwa namba yako, msingi wa 2 ni shahidi mbaya kuliko wote ungeweza kumwita. Tuiite namba yako n. Kwa kuwa n ni 2³² + 1, ukigawanya 2³² kwa n unapungukiwa moja kufika. Wanahisabati husema baki ni −1. Zidisha kwa yenyewe: 2⁶⁴ inaacha (−1) × (−1), yaani 1. Sasa kipimo kinakutaka upandishe 2 kwa kipeo cha n − 1, ambacho ni 2³², bilioni nne na ushee. Hicho kinagawanyika kwa 64 bila shida, kwa hiyo unachofanya ni kuzidisha 1 kwa 1 mara nyingi mno, na jibu halina njia nyingine ila kuwa 1. Kipimo kingefaulu iwe n ni tasa au la. Namba imejengwa kwa 2, kisha tunamwuliza 2 kama ina kasoro. Nyani haoni kundule.

Mwite shahidi wa nje. Pandisha 3 kwa kipeo hichohicho, gawanya kwa n, na baki ni 3,029,026,160. Si 1. Hesabu hiyo si ndefu kama inavyoonekana: unaanza na 3, unazidisha kwa yenyewe, unachukua baki, unazidisha baki kwa lenyewe, na kurudia mara 32 tu. Jibu moja kama hilo linatosha kumaliza kesi. Kufaulu kipimo kunakupa matumaini. Kushindwa kunakupa uthibitisho. Lakini angalia kitu cha ajabu hapa: umejua kwa uhakika kamili kwamba n ina vigawo, na hujui hata kimoja.

Ili kuvipata, kuna njia ya Euler, na naomba uifuate polepole kwa sababu ukiishika hutaisahau. Anza na mfano mdogo. Chukua 17 na uandike vipeo vya 2, kila kinapozidi 17 ukiacha baki tu: 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1. Baada ya 1 mzunguko unaanza upya na 2. Una hatua nane. Na katikati, hatua ya nne, kulikuwa na 16, ambayo ni −1 kwa macho ya 17. Kumbuka pia kanuni ya Fermat: kwa namba tasa 17, hatua ya 16 lazima ifike kwenye 1. Inafika, kwa sababu 8 inaingia kwenye 16 mara mbili kamili. Mzunguko wowote wa namba tasa p ni lazima uingie kamili katika p − 1, la sivyo ungepitiliza au kupungukiwa.

Sasa tuseme p ni namba tasa, nayo ni kigawo cha n yako. Basi kwa macho ya p, 2³² ni −1 na 2⁶⁴ ni 1. Mzunguko wa 2 una urefu gani? Unaingia kwenye 64 kwa kuwa hatua ya 64 ni 1. Hauingii kwenye 32, kwa kuwa hatua ya 32 ni −1. Vigawo vya 64 ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, na vyote isipokuwa cha mwisho huingia kwenye 32. Umebaki mmoja: 64. Hivyo 64 inaingia kamili katika p − 1, na p haina budi kuwa na umbo la 64k + 1, k ikiwa namba nzima.

Hebu ona kazi ilivyopungua. Badala ya kujaribu 2, 3, 5, 7 na kuendelea, unaandika 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Mara tano. Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza zaidi, akaonyesha kwamba kwa namba za ukoo huu, kuanzia 17, namba inayozidishwa na k inakuwa maradufu; kwa yako, umbo ni 128k + 1. Kwa orodha yako zinabaki 257 na 641. Nayo 257 tuliifuta tangu mwanzo, ni ndugu. Kwa hiyo ungejua ukoo wa namba yako, jaribio la kwanza kabisa lingekuwa 641.

Ithibitishe kwa kalamu, bila kikokotoo, itakuchukua dakika mbili. 2⁸ ni 256. 2¹⁶ ni 65,536. Toa 641 × 102, ambayo ni 65,382, inabaki 154. Sasa, kwa macho ya 641, 2³² ni 154 × 154, yaani 23,716. Na 641 × 37 ni 23,717. Umepungukiwa moja. Ongeza ile 1 ya "2³² + 1", pengo limezibika. Mimi nilipoifanya mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali, jinsi ilivyotua kirahisi.

Je, 6,700,417 nayo inapasuka? Swali la haki, maana bila hilo hujamaliza. Kigawo chake chochote ni kigawo cha n pia, kwa hiyo umbo lake ni lilelile, 128k + 1. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Namba tasa za umbo hilo hadi hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409, basi. Ya kwanza imeshafutwa. Gawanya kwa nne zilizobaki: mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. Ni tasa, na umeithibitisha namba ya mamilioni kwa kugawanya mara nne.

Vigawo vyote vya namba yako, basi, ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia, nauweka kwa sababu ni mzuri, ingawa sikushauri uanzie hapo. Namba yako ni jumla ya vipeo viwili vya pili, waziwazi kabisa: 65,536² + 1². Namba tasa witiri inayoandikika hivyo huandikika kwa namna moja tu. Lakini hii inayo namna ya pili: 62,264² + 20,449². Zidisha ujumlishe, utaona. Hilo peke yake linamaliza kesi ya utasa. Tena linatoa kigawo: 65,536 − 62,264 ni 3,272, na 20,449 − 1 ni 20,448, kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Kisha jumlisha badala ya kutoa: 127,800 na 20,450, kigawo kikubwa cha shirika ni 50. Chukua nusu za 8 na 50, yaani 4 na 25. 4² + 25² ni 16 + 625. Hiyo ni 641. Ugumu wa njia hii ni kuipata ile jozi ya pili, ambayo nimekupa mkononi. Kuitafuta mwenyewe ni kazi kubwa kuliko kugawanya.

Ushauri wangu kuhusu njia ipi utumie ni huu, na hauna mbwembwe. Kwa namba yoyote ya tarakimu kumi isiyo na ukoo unaojulikana, iachie kompyuta igawanye kwa namba tasa 9,592 au pungufu. Itamaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Ujanja wa umbo unafaa pale namba inapokuwa imejengwa kwa kanuni, kama 2³² + 1, au inapokuwa kubwa kiasi kwamba kugawanya hakuwezekani. Kipimo cha Fermat kwa msingi mmoja kitumie kama chujio la kwanza tu. Ukitaka chujio gumu zaidi tumia kipimo cha Miller na Rabin, na hata hicho ukifanye kwa misingi kadhaa. Kwa msingi wa 2 pekee namba yako hii hii inakipenya nacho, kwa sababu zilezile.

Kwa namba kubwa zaidi, hali ya kujua kwamba zina vigawo bila kuvijua ni ya kawaida. Katika ukoo huu, 2 ikipandishwa vya kutosha, namba ya 20 na ya 24 (tukihesabu 3 kama ya 0, na yako kama ya 5) zimethibitishwa si tasa, lakini hakuna kigawo chake hata kimoja kilichojulikana. Kuanzia ya 5 hadi ya 32 zote zimethibitishwa si tasa. Ya 33, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijulikani. Fermat aliona tasa tano, na hadi sasa hakuna ya sita iliyopatikana.

Mahali pawili nakuomba usitegemee maandishi yangu. Kama hoja ya mzunguko haijakukaa, kaa uso kwa uso na mwalimu wa hisabati, mwandike vipeo vya 2 kwa 7, kwa 11, kwa 13, yeye akikuangalia unapokwama. Jambo hili huingia kupitia mkono. Na kama nia yako ni kutumia namba tasa kubwa kufunga siri za watu katika programu, usiziokote wala usizipime mwenyewe kwa kipimo cha msingi mmoja. Mtafute mtaalamu wa usalama wa kompyuta akague kazi yako, kwa maana namba inayojifanya tasa huko huwa ni mlango ulio wazi.

Kama sasa umepata hamu, chukua inayofuata: 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry aliipasua mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82. Kwa hoja ileile, vigawo vyake vina umbo la 256k + 1, na kigawo tasa kidogo kuliko vyote ni 274,177. Hapo k ni 1,071, nyingi kwa kalamu moja, lakini kabla ya kugawanya futa kwanza kila inayogawanyika kwa 3, 5 au 7, utaona orodha inavyosinyaa.